Kichwa Namba Kumi na Saba

Ujerumani, 11 Oktoba 1998

Dada Hildegardi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa miezi miwili niliyokaa kimya, maana najua umeshaninung'unikia mpaka kuku wamesikia. Mimi mzima, isipokuwa kichwa kinaniuma asubuhi. Nadhani ni baridi, mwaka huu imewahi. Shemeji Kilian hajambo? Kahawa imekauka? Na Meinrad wetu, mfalme wa dagaa wa usipa, bado anapanda na kushuka kati ya Mbamba Bay na Mbinga na magunia yake, au Flavia wa Mbaha ameshamfunga kamba mguuni? Barua yako ya mwisho ilikuwa na ukurasa mzima juu ya mbuzi wa rafiki yako Walburga na mistari miwili tu juu ya mdogo wetu. Safari hii geuza.

Umeniuliza kama nimetumwa Ulaya kusoma vichwa vya watu kama mganga. Karibu na hapo. Chuoni kuna mashine kubwa ya sumaku. Mtu analazwa ndani kama mkate kwenye tanuri, nayo inampiga picha za ubongo bila kumkata. Picha ni za aina mbili. Kuna picha ya umbo, inayopigwa mara moja, polepole, na kila kunyanzi linaonekana. Halafu kuna picha za kazi, mamia kwa mamia, zinazopigwa haraka huku mtu akiambiwa achezeshe vidole au ataje majina ya wanyama, ili ionekane damu inakimbilia wapi. Hizi za pili zina ukungu na zimepinda kidogo. Ukizitazama peke yake huwezi kusema kwa uhakika unaangalia nini.

Kwa hiyo zinalazwa juu ya ile ya umbo, zikae sawasawa, ndipo useme kwamba vidole vinaamriwa kutoka hapa. Kazi yangu ndiyo hiyo, kulaza. Kompyuta inasaidia, lakini inateleza, na mimi nakaa nasogeza, unywele mmoja kushoto, unywele mmoja juu. Fundi cherehani akilaza vibaya karatasi ya kipimo, mfuko wa suruali unaangukia gotini. Huku ukilaza vibaya, daktari atasema ugonjwa uko mahali ambapo haupo. Siri yenyewe ni kutafuta alama zisizosogea. Kuna mtaro unaogawa ubongo katikati, kuna pembe za mashimo ya maji yaliyo ndani. Mengine yote yanaweza kupinda, hayo hayapindi.

Sasa kuna kichwa kimoja kinanitesa. Majina hatuandiki, tunaandika namba, na hiki ni namba kumi na saba. Ni cha mtu wa kujitolea tu. Mwezi wa tisa tulilazwa wengi, hata sisi wanafunzi, ili tuizoee mashine. Picha zake za kazi zina madoa meusi, madogo, saba au nane. Karibu na pua na masikio giza ni la kawaida kwa sababu ya hewa iliyomo, kwa hiyo nadhani nimelaza vibaya na giza la sikio limehamia ndani. Nimesogeza wiki nzima na bado halijakaa. Mwalimu wangu ananicheka.

Nisalimie wote mezani.

Mdogo wako,
Rogasian


Mbinga, 15 Novemba 1998

Mdogo wangu Rogasian,

Marahaba, ingawa shikamoo yako imefika imechakaa kwa njia. Sisi huku tunapumua. Mvua za kwanza zimeanza, tumekwisha kufukia nyasi kwenye mashimo ya ngolo, na mgongo wangu unajua hivyo. Wanunuzi wa kahawa siku hizi wanakuja kila mmoja na gari lake, mzani wake na uongo wake. Ndiyo soko huria. Kilian anasema zamani tulidanganywa na mtu mmoja, sasa tumepewa uhuru wa kuchagua nani atudanganye.

Walburga wamemkata mguu. Alikuwa na kidonda tangu Pasaka, anakifunika na kanga, akiulizwa anasema ni mbu. Wahenga hawakukosea, mficha maradhi kilio humuumbua. Nilimwambia hivyo hivyo kitandani kwake, na akalia, nikajuta kidogo.

Meinrad hajambo. Aliungua mguu kwenye moto wa jikoni mwezi uliopita, aliteleza, lakini umepona. Biashara yake inakwenda. Mshenga amerudi kutoka Mbaha na habari njema, watu wa Flavia wametukubali, ila wanauliza maswali kama mapadri wakati wa kuandikisha ndoa. Walitaka kujua kama katika ukoo wetu kuna mwizi, kuna kichaa, kuna ugonjwa wa kuangusha watu. Nikasema hakuna. Mama alipotuachia nyumba hii nilikuwa na miaka kumi na sita, nyinyi wawili mmenishika sketi, na tangu siku ile sijawahi kuwaona watu wakitaka kutupa binti yao kwa furaha namna hii. Nataka harusi hii, Rogasian. Naitaka kuliko nilivyoitaka yangu mwenyewe, na Kilian asisome hapa.

Hiyo mashine yako, inaweza kumwona mtu anayelala ghafla? Kuna mtoto wa jirani, anasimama vizuri, mara macho yanageuka na anakwenda chini, mikono ikimcheza. Akiamka hakumbuki. Wengine wanasema amechezewa. Nauliza tu kwa ajili ya mama yake.

Kuhusu kichwa chako namba kumi na saba, acha kukisogeza. Chungu ukikigeuza sana jikoni kinavunjika.

Dada yako,
Hildegardi


Ujerumani, 20 Desemba 1998

Dada,

Shikamoo, na Noeli njema, ijapokuwa itawafikia Noeli ikiwa imeshasahauliwa. Theluji imeanguka. Ni nzuri kwa siku mbili, halafu ni matope kama ya kwetu, ila matope baridi. Mpe Walburga pole. Usimwimbie methali tena.

Yule mtoto wa jirani apelekwe hospitali ya misheni. Hajachezewa na mtu. Asikae karibu na moto peke yake. Ana umri gani? Hukunitajia hata jina la jirani, nawe huwa hukosi jina la jirani.

Namba kumi na saba nimemaliza. Nilianza upya, nikazitupa hesabu za kompyuta, nikazitafuta alama moja moja kwa macho, mtaro, pembe, kila kitu. Safari hii picha zilikaa kama mkono ndani ya glavu. Na madoa hayakuondoka, dada. Yalikaa juu ya vidoa vingine vidogo sana vilivyomo kwenye picha ya umbo, ambavyo mwanzoni nilivipita kwa sababu nilikuwa sivitafuti. Picha mbili, mashine ikifanya kazi kwa namna mbili, na doa liko mahali pamoja. Kosa haliwezi kukaa mahali pamoja mara mbili. Nilikuwa nasogeza picha iliyokuwa sawa tangu mwanzo kwa sababu nilitaka iwe na kosa.

Daktari mmoja wa magonjwa ya kichwa aliitwa kutazama. Akauliza mwenye kichwa ametoka nchi gani, na kama kwao wanafuga nguruwe wanaotembea wenyewe.

Ndiyo maana nakuuliza jambo la ajabu. Unamkumbuka nguruwe wa kipaimara cha Meinrad? Yule aliyekataliwa na wachuuzi? Nakumbuka kelele na wageni, lakini sikumbuki nyama ilikwendaje. Nani alikula zile zenye punje? Niandikie kila kitu, hata kama ni kidogo. Ni kwa ajili ya masomo.

Rogasian


Mbinga, 24 Januari 1999

Mdogo wangu,

Marahaba. Ama kweli elimu ni bahari, umevuka nchi saba ili uulize habari za nguruwe wangu. Tuko wazima. Mahindi yamefika kiunoni. Kilian ana kikohozi, anakohoa zaidi nikimwomba akate kuni.

Nguruwe yule namkumbuka kama jana. Mwaka wa tisini. Wachuuzi walikuja kutoka Songea, wakambwaga chini, wakamtia kijiti mdomoni, wakauvuta ulimi na kuupapasa kwa kidole. Yule mkubwa wao akasema, "Ana mchele huyu," yaani zile punje, wakapangusa mikono na kuondoka. Wageni nilikwisha kuwaalika. Ningefanya nini? Nikamchinja nyumbani. Nyama safi nikawapikia wageni, ikachemka tangu asubuhi. Zile zenye punje sikuwapa wageni wala nyinyi, ningekufa kwa aibu. Na kutupa nyama ni dhambi mtu akiwa amelea watoto wawili kwa majani ya maboga. Nikazichukua mimi, nikazibabua kwenye makaa nyuma ya jiko, nikala. Zilikuwa tamu, sikufichi. Na si mara hiyo tu. Kila nguruwe aliyekataliwa, sehemu mbaya ilikuwa yangu. Nyinyi mlikuwa hamuumwi matumbo kama watoto wa wengine, ni mimi tu tumbo lililokuwa likinisokota. Ukiwaandikia hao walimu wako, waandikie hivyo, kwamba dada yangu aliula uchafu ili sisi tule safi.

Na tonge nilikuwa nawakatia mwenyewe, unakumbuka? Mama alikuwa akitufinyangia tonge la kwanza kwa mkono wake, akitutia mkononi mmoja mmoja, nami sikuiacha desturi yake hata siku moja. Siku uliyopanda basi kuja huko ulikuwa na ndevu, na bado nilikufinyangia. Meinrad namfinyangia mpaka leo, anaona haya mbele ya Kilian lakini anafungua mkono.

Mahari tunapeleka Mbaha Jumamosi ya tarehe kumi Aprili, baada ya Pasaka. Barabara itakuwa imekatika kwa mvua, tutashuka Mbamba Bay na kupanda boti. Meinrad amekonda kidogo kwa mawazo ya bwana harusi. Alianguka tena wiki iliyopita, kwenye mtaro wa kuoshea kahawa. Uchovu tu.

Mtoto wa jirani hajambo.

Hildegardi


Mbinga, 28 Februari 1999

Rogasian,

Wiki tano hakuna barua. Katekista Urbani anayetuchukulia barua kwenye sanduku la parokia amechoka kuniona nikimngoja njiani kama mchumba. Kama nimekukosea kwa maneno, nimesahau ni yapi. Bahasha yako ya mwisho niliitazama tena. Mwandiko umeyumba, mistari inashuka kulia, nawe ulikuwa unaandika kama chapa. Unaumwa?

Leta hata mstari mmoja.

Dada yako


Ujerumani, 9 Machi 1999

Dada yangu Hildegardi,

Shikamoo. Kama unadhani umenikosea, hujanikosea. Ningekuwa na dada mwingine ningemwandikia yeye kwanza, anisaidie namna ya kukuandikia wewe.

Soma barua hii ukiwa peke yako. Kisha mwite Meinrad umsomee nusu ya kwanza, mpaka nilipopiga mstari. Iliyobaki ni yako.

Mtoto wa jirani ni Meinrad. Nilizichukua barua zako mbili nikazilaza moja juu ya nyingine, kama ninavyolaza picha. Mguu uliungua Oktoba, na mtoto wa jirani anaanguka. Meinrad akaanguka mtaroni, na mtoto wa jirani ghafla hajambo. Doa liko mahali pamoja, dada. Nimekujua tangu nilipokuwa na miaka mitano na hujawahi kunidanganya vizuri.

Hajachezewa, hana mkosi, na si ugonjwa wa ukoo. Ni mayai ya mnyoo yaliyoingia mwilini miaka mingi iliyopita, yakapanda kichwani na kuwa vipunje kama vile vya ulimi wa nguruwe. Kichwa chenye punje kinaweza kumwangusha mtu wakati wowote. Dawa ya kuzuia kuanguka ipo, vidonge tu, hospitali ya misheni wanayo. Aende kabla ya Pasaka. Na mpaka atakapokuwa amezoea vidonge, asipande mti, asikae na moto peke yake, na zaidi ya yote asikaribie maji bila mtu wa kumshika. Hata maji ya goti yanamtosha mtu asiyejijua. Mahari iende kwa boti bila yeye, au ingoje barabara ikauke. Flavia akimpenda atangoja.

Hapa ndipo mstari.

________

Nilisoma barua yako ya nguruwe nikaiweka chini, na ndiyo sababu ya kimya changu. Anayekula nyama yenye punje hapati punje kichwani. Anapata mnyoo tumboni, mrefu, na anaweza kukaa naye miaka bila kujua. Mayai yake hayaonekani kwa macho. Yanatoka chooni, yanakaa chini ya kucha, na kwetu maji yanapandishwa mlima kwa kichwa, nani ataosha mkono kila mara? Anayekula kutoka kwenye mkono ule ndiye yanayempata.

Nimeandika sentensi hiyo mara kumi. Dada, wewe hukufanya kosa. Ulitupa kilicho safi kwa macho yako, na hapakuwa na mtu aliyekuambia mengine. Meza dawa ya minyoo, waambie hospitali ni mnyoo wa nguruwe. Na kwa sasa Kilian apike.

Nilitaka kupeleka telegramu. Nilifika mpaka dirishani. Lakini telegramu inasomwa na karani kabla yako, na kabla ya jioni Mbinga nzima ingejua, na Mbaha siku ya pili. Nikaona bora bahasha iliyofungwa. Wiki tatu zinatosha.

Mimi ni mzima.

Rogasian


Ujerumani, 2 Mei 1999

Dada,

Shikamoo. Telegramu ya shemeji Kilian niliipata. Ilikuwa na maneno matano, na nimeyasoma mpaka hayana maana tena. Meinrad amefariki ziwani Mbaha. Tumezika.

Siwezi kuja. Wamenikatalia kusafiri kwa sasa, sababu zake ni ndefu. Barua hii inaandikwa polepole, usishangae herufi.

Nimehesabu siku usiku na mchana. Nilizielewa picha zile Desemba. Barua yako ya nguruwe ilinifika katikati ya Februari. Nikakaa nayo wiki tatu nikitafuta maneno ambayo yangekuumiza kidogo, na yalipopatikana nikayatia ndani ya bahasha badala ya kuyapiga kwa telegramu. Kwa ajili ya aibu! Nilimwogopa karani wa posta kuliko ziwa. Bila shaka barua yangu imekuta kaburi. Kama haijafika ikifika usiisome, ichome.

Mimi ndiye niliyemuua, dada. Mimi na ustaarabu wangu. Niambie tu alikuwaje asubuhi ile. Kilian hakuandika.

Rogasian


Mbinga, 6 Juni 1999

Mdogo wangu Rogasian,

Marahaba. Habari za nyumbani ni chache. Kahawa imeiva na hatujaichuma. Watu wa Mbaha walikuja kwenye matanga, na Flavia alikaa jikoni na wanawake wetu kama aliyekwisha kuolewa. Hakuuliza kitu. Walburga alikuja kwa magongo yake, akakaa na mimi siku tatu, na hakunipa methali hata moja.

Umeniuliza asubuhi ile. Tulifika Mbaha Ijumaa kwa boti, ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Tukalala kwa mshenga. Jumamosi kulipokucha Meinrad alichukua sabuni na taulo mpya, akasema anakwenda kuoga ili wakwe wasinuse usipa. Kilian alikuwa ananyoa ndevu, mimi nilikuwa napiga pasi shati. Maji pale ni ya goti, Rogasian. Wanawake walioteremka kuosha vyombo ndio walioliona taulo kwanza. Sabuni ilikuwa bado mkononi mwake.

Sasa kaa chini. Kama umesimama, kaa.

Uliniambia kwamba ukitaka kujua kama picha imekaa sawa, tafuta alama isiyosogea. Ndani ya barua hii nimekurudishia bahasha yako ya tarehe tisa Machi. Igeuze nyuma. Posta ya Mbinga waligonga muhuri siku ilipoingia. Umefifia lakini unasomeka, tarehe thelathini Machi. Ilikuwa Jumanne ya Wiki Kuu. Urbani aliniletea siku ile ile.

Barua yako haikuchelewa.

Niliisoma nyuma ya nyumba, pale pale nilipokuwa nikibabua zile nyama. Nilisoma mpaka mwisho, mstari wako haukunizuia, nani angeishia kwenye mstari? Kilian akauliza umeandika nini, nikasema salamu. Nikaitia chini ya godoro. Siku ile nilipika kama kawaida kwa sababu sikujua niseme nini kama nisipopika, na Meinrad akafungua mkono kwa ajili ya tonge, nikaangusha sufuria makusudi. Tukala viazi vya kuchoma.

Nilikuwa na siku kumi na moja. Kila asubuhi nilisema leo. Nikisema asiende majini, atauliza kwa nini. Nikisema una punje kichwani, atauliza zimetoka wapi. Ningeweza kumdanganya, lakini umesema mwenyewe kwamba sijui kudanganya. Na nilimtaka yule binti nyumbani. Nikajiambia acha mahari ipite, siku kumi na moja si kitu, ameanguka tangu mwaka jana na hajafa. Jumatatu asubuhi nitampeleka mwenyewe hospitali. Nilikwisha kuipanga hata kanga nitakayovaa.

Usidhani sikusema kitu kabisa. Kule Mbaha, aliposhika taulo, nilimwambia asioge ziwani, kuna mamba. Akacheka, akasema, "Dada, mamba wa hapa ni mashemeji zangu." Nami nikacheka. Nikaendelea kupiga pasi. Ningeweza kuiacha ile pasi. Ningeweza kumwambia Kilian amfuate, neno moja tu, bila sababu yoyote. Naliona shati lile kila nikifumba macho, upande mmoja umenyooka na mwingine bado.

Kwa hiyo usiseme tena kwamba umemuua. Ulikuwa mbali, ulichelewa, ukawa mwoga kidogo, basi. Mimi nilikuwa na barua mkononi. Nimemwambia Kilian yote. Akaenda akawasha moto na kupika ugali, mbaya sana, na tangu siku ile ndiye anayepika. Niliimeza ile dawa. Niliyoyaona sitayaandika.

Limebaki jambo moja. Nimezichukua barua zako zote, nimezilaza mezani kwa tarehe. Mwezi wa tisa mlilazwa kwenye mashine, hata nyinyi wanafunzi. Kichwa kinauma asubuhi. Mwandiko unashuka kulia. Daktari anauliza mwenye kichwa ametoka nchi gani. Umekatazwa kusafiri na hukutaja sababu. Uliandika kwamba namba kumi na saba ni mtu wa kujitolea tu, na mimi nilikufinyangia tonge miaka ile yote, wewe na Meinrad, mkono huu huu.

Niambie kichwa kile ni cha nani. Usitafute maneno mazuri, na usitie kwenye bahasha. Piga telegramu. Karani asome, Mbinga nzima isome.

Dada yako,
Hildegardi